Jinsi ya kupima zahanati ya kijiji na kuiimarisha: mwongozo kwa wajumbe wa kamati ya usimamizi

Mjumbe mpya wa kamati ya usimamizi akiulizwa zahanati yao ina hali gani, mara nyingi ataanza na jengo: paa linavuja, choo kimejaa, chumba cha kujifungulia hakina pazia. Yote ni kweli, na yote yanahitaji fedha. Lakini hayatuambii kama mama mwenye uchungu atakayefika saa nane usiku atahudumiwa. Hilo ndilo swali ninalotaka mlipeleke kwenye kikao chenu.

Nimeandika kwa kufuata zahanati za Tanzania Bara, kwa vitabu vyake, vikao vyake na njia zinazopita fedha zake. Msomaji wa Kenya, Burundi au Kongo atabadilisha majina ya ofisi, ila mwendo wa kazi utamfaa.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo unaogawa huduma za afya za nchi katika nguzo sita: utoaji wa huduma, watumishi, taarifa, dawa na vifaa, fedha, na uongozi. Wizara na wafadhili wanapima kwa nguzo hizo hadi leo, nanyi zikaririni. Tabu huja zikipimwa moja moja. Watumishi wawili wapo, tiki. Jokofu lipo, tiki. Dawa ya kuzuia mama kutokwa damu ipo, tiki. Kumbe mkunga yuko semina wilayani, jokofu limezimika tangu wiki iliyopita, na dawa iliyomo ndani imeshaharibika kwa joto. Kila nguzo imepata tiki yake na mama amekosa huduma.

Kwa hiyo chagueni huduma moja, muifuate kutoka kwa mgonjwa kurudi nyuma, mpaka mfike pale ilipokatikia. Mwongozo wote huu ni maelezo ya jinsi ya kufanya hivyo.

Hatua ya kwanza: jueni mamlaka mliyo nayo

Kamati nyingi hukaa kimya kwa kudhani kazi yao ni kuitwa kutia saini. Sivyo. Kamati inawakilisha wananchi, mganga mfawidhi ndiye katibu wake, na mpango wa mwaka wa zahanati pamoja na matumizi yake hupita mikononi mwenu kabla ya kwenda halmashauri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, badala ya kubaki halmashauri kama zamani. Mabadiliko haya ni makubwa kuliko wengi wanavyotambua. Zamani, kitasa kikiharibika mliandika barua wilayani na kusubiri. Sasa mnaweza kukaa, mkaandika muhtasari, na kitasa kikanunuliwa.

Kabla ya kupima chochote, ombeni vitu vitatu kwa mfawidhi: mpango wa zahanati wa mwaka huu, taarifa ya mapato na matumizi ya robo iliyopita, na muhtasari wa vikao vilivyopita. Ombeni kwa heshima, mbele ya mwenyekiti. Mfawidhi akihisi mmekuja kumkamata, atawapa karatasi na kuwaficha ukweli. Mwambieni mapema kwamba mnatafuta mahali huduma inapokatika, na kwamba sehemu kubwa ya majibu itakuwa nje ya uwezo wake. Atafarijika, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Hatua ya pili: chagueni huduma moja

Mimi ningeanza na kujifungua salama usiku. Huduma hii inagusa kila kitu kwa pamoja: mtumishi, taa, maji, dawa, baridi ya jokofu, usafiri, fedha, na imani ya wananchi. Ikiwa zahanati inaweza kumzalisha mama salama usiku wa Jumapili, kutibu malaria Jumatatu asubuhi haitaishinda.

Pia ni huduma ambayo nchi imeonyesha kwamba inarekebishika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Bado kila kimoja ni msiba nyumbani kwa mtu, lakini hakuna anayeweza kusema tena kwamba ni kudra isiyozuilika.

Kama kijijini kwenu tatizo kubwa ni jingine, kama watoto kukosa chanjo au wazee wa presha na kisukari kukosa dawa, anzeni na hilo. Sharti ni moja tu: iwe huduma moja, na iweze kuelezwa kwa sentensi ambayo bibi wa kijiji ataielewa.

Hatua ya tatu: tembeeni njia ya mgonjwa

Wataalamu wa uzazi huongelea ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Zifuateni zote tatu, na mfuate kwa saa halisi. Msiende Jumanne saa nne asubuhi. Kubalianeni na mfawidhi kwamba wajumbe wawili watapita usiku mmoja, watoke kwenye kitongoji cha mbali kabisa, na kuandika walichokikuta.

Njiani ulizeni wenyeji: mwenye uamuzi nyumbani ni nani mume akiwa hayupo? Bodaboda usiku ni shilingi ngapi, na mvua ikinyesha mto unavukika? Je, watu wanaijua namba 115? Hiyo ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ambao tangu 2022 umekuwa ukisambazwa nchi nzima. Gari la wagonjwa likikosekana, mfumo humtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, na analipwa na mfumo, si na mama. Nimekuta vijiji ambavyo namba hiyo imebandikwa ndani ya chumba cha kujifungulia na haipo popote kwingine, kana kwamba mama atakuja kuisoma akishafika. Ibandikeni kwenye duka, msikitini, kanisani, kwenye kijiwe cha bodaboda.

Mkifika zahanati, ombeni mtumishi wa zamu awaonyeshe vitu hivi vikifanya kazi, siyo kuwaelekeza vilipo:

- taa ya chumba cha kujifungulia umeme ukiwa umekatika;
- maji yanayotiririka, na sabuni;
- oksitosini, dawa ya kuzuia mama kutokwa damu, ndani ya jokofu lenye nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi, pamoja na karatasi ya joto iliyojazwa asubuhi na jioni;
- magnesiamu salfeti, kwa ajili ya kifafa cha mimba;
- barakoa na mfuko wa kumpulizia hewa mtoto asiyelia, vikiwa safi na karibu na kitanda, kwa maana mtoto huyo anatakiwa kuanza kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza;
- glavu, uzi wa kufungia kitovu, na fomu ya kufuatilia uchungu.

Karatasi ya joto inastahili dakika zenu tano za ziada. Ikiwa imejazwa nyuzi 5 asubuhi na 5 jioni, mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, huenda imejazwa siku moja. Msigombe. Ulizeni kwa upole jokofu linafanyaje mitungi ya gesi ikichelewa au jua likikosekana siku tatu, na nani amefundishwa la kufanya.

Hatua ya nne: vitabu vya MTUHA

Hapa ndipo kamati nyingi huogopa, na hapa ndipo penye nguvu zenu kubwa. Kila zahanati ina vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Na. 5 ni cha wagonjwa wa nje, Na. 6 cha wajawazito, Na. 7 cha watoto, Na. 12 cha waliojifungua. Mna haki ya kujua idadi. Majina na magonjwa ya majirani zenu hayawahusu, kwa hiyo mfawidhi ndiye ahesabu na kuwasomea jumla. Mjumbe anayechungulia majina amevunja imani ambayo zahanati itachukua miaka kuirudisha.

Hesabu tatu zinatosha kuanzia.

Ya kwanza: wajawazito wangapi walianza kliniki mwaka jana, na wangapi walijifungulia hapa? Tuseme walianza 120 na waliojifungulia hapa ni 45. Waliobaki 75 walikwenda wapi? Wengine walipewa rufaa kwa sababu za msingi, kama mimba ya kwanza au kovu la upasuaji. Wengine walikwenda mjini kwa mama zao. Wengine walijifungulia nyumbani. Kitabu hakitawaambia nani ni nani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenyeviti wa vitongoji wanaweza kusaidia.

Ya pili: watoto wangapi walipata dozi ya kwanza ya Penta, chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, na wangapi wakafika ya tatu? Toeni, mgawe kwa idadi ya kwanza, mzidishe kwa 100. Wakiwa 100 mwanzoni na 82 mwishoni, mmepoteza asilimia 18. Kinachozidi asilimia 10 huhesabiwa kuwa dalili mbaya, maana watoto hawa walishafika mara moja, mama zao wanaijua njia, na bado hawakurudi. Kuna kitu kiliwakatisha: pengine chanjo iliisha siku waliyokuja, pengine walifukuzwa kwa kuchelewa.

Ya tatu: chukueni mwezi mmoja, mhesabu mistari ya kitabu Na. 12, kisha mlinganishe na idadi iliyotumwa kwenye taarifa ya mwezi. Zikitofautiana, halmashauri inapanga dawa na watumishi kwa kutazama kijiji ambacho hakipo.

Neno moja kuhusu asilimia. Mtaambiwa zahanati imefikia asilimia 110 ya lengo la chanjo. Haiwezekani kuchanja watoto zaidi ya waliopo. Ama lengo lilikadiriwa chini, ama watoto wa kijiji jirani wanakuja kwenu. Ulizeni lengo limetokana na nini. Sensa ya 2022 ina idadi ya watu wa maeneo yenu, na daftari la mwenyekiti wa kitongoji likitunzwa vizuri hukaribia ukweli zaidi.

Hatua ya tano: dawa

Msiulize "dawa zipo?" Chagueni dawa kumi ambazo kijiji kinazihitaji zaidi, kwa mfano dawa mseto ya malaria, kipimo cha haraka cha malaria, amoksilini ya watoto, ORS na zinki, oksitosini, dawa ya presha. Kwa kila moja andikeni mambo matatu: leja inasema zimebaki ngapi, kwenye rafu zipo ngapi, na katika miezi mitatu iliyopita zilikosekana siku ngapi. Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito. Dawa inaweza kuwepo leo kwa sababu ililetwa jana.

Kisha rudini nyuma tena. Je, maombi yalipelekwa Bohari ya Dawa kwa wakati? Kiasi kilichoombwa kilitokana na matumizi halisi, au kilinakiliwa kutoka fomu iliyopita? Bohari ilileta pungufu? Ikiwa ilikosa, je, zahanati ilitumia mfumo wa mshitiri, ule wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchi nzima, unaoruhusu kituo kununua kwa muuzaji binafsi aliyeidhinishwa na mkoa? Kila jibu lina tiba yake. Kuilaumu Bohari wakati fomu ilichelewa wiki tatu mezani kwenu hakutaleta kidonge hata kimoja.

Hatua ya sita: mtumishi, na kinachomwondoa

Ikama itawaambia zahanati inastahili watumishi wangapi na ina wangapi. Andikeni pengo hilo, lakini msikomee hapo. Chukueni mwezi uliopita na mwulize kila mtumishi alikuwa wapi kila siku. Mtaona anatoka kupeleka taarifa wilayani, anatoka kufuata chanjo, anatoka kwenye semina, anatoka kwenda benki kwa ajili ya zahanati, anatoka kumpeleka mwanawe hospitali. Muuguzi mmoja kati ya wawili anaweza kukosekana siku nyingi katika mwezi bila kufanya kosa lolote. Serikali yenyewe imemwita.

Hapo kamati ina mengi ya kufanya bila kusubiri ajira mpya. Ratiba ya kutoka ibandikwe ukutani, na wasitoke wote siku moja. Chanjo na taarifa zichukuliwe kwa safari moja. Na nyumba. Mkunga anayeishi kilomita sita kutoka kazini hawezi kuwa mkunga wa usiku, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Vijiji vingi vimekuta kwamba nguvu za wananchi, matofali na mchanga, pamoja na fedha kidogo za zahanati, zinakamilisha nyumba ya mtumishi haraka kuliko ombi la chumba kipya cha wagonjwa. Ningeitanguliza nyumba hiyo mbele ya ukarabati wa aina yoyote.

Mwulizeni pia mtumishi mwenyewe, faraghani. Mjumbe mwenye umri mkubwa afanye kazi hiyo:

"Mwanangu, tangu ufike hapa, ni jambo gani likikutokea unatamani kuomba uhamisho?"

"Mama, ni usiku. Napigiwa hodi niko peke yangu, sina mlinzi, na nikichelewa kufungua natukanwa."

Kumlipa mlinzi wa usiku ni jambo linaloweza kuingizwa kwenye mpango wa zahanati. Kabla ya mazungumzo hayo, huenda hakuna mjumbe aliyejua kwamba ukosefu wa mlinzi unawafanya akina mama wazalie nyumbani.

Hatua ya saba: fedha zikae karibu na ugonjwa

Andikeni mapato yote ya robo: mfuko wa pamoja, michango ya wananchi, malipo ya bima, makusanyo ya papo kwa papo. Upande wa pili andikeni matumizi. Kisha jiulizeni kama matumizi yanafanana na kinachowaumiza watu wa kijiji.

Swali hili liliwahi kuulizwa nchini kwetu kwa umakini mkubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa utafiti wa afya ulioitwa TEHIP ulizisaidia halmashauri za Rufiji na Morogoro Vijijini kulinganisha bajeti na takwimu za vifo zilizokusanywa nyumba kwa nyumba. Ilionekana kwamba Morogoro, malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, huku ikipata karibu asilimia 5 ya bajeti ya 1996. Timu za wilaya zilihamisha fedha kuelekea malaria na huduma jumuishi za watoto wagonjwa, kwa nyongeza ndogo tu ya fedha kwa kila mtu. Ndani ya takriban miaka mitano, vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sijui mfano mwingine wa Kiafrika unaoonyesha wazi hivi kwamba kupanga kwa takwimu kunaokoa watoto.

Angalieni pia misamaha. Sera inawasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wasiojiweza. Waulizeni akina mama waliojifungua hivi karibuni walinunua nini: glavu, ndoo, uzi, dawa. Orodha hiyo ndiyo bei halisi ya huduma ya bure.

Hatua ya nane: wasikilizeni wasiokuja

Anayehojiwa akitoka zahanati atasema "nimehudumiwa vizuri," kwa sababu kesho atarudi. Nendeni kwa waliojifungulia nyumbani, walioacha dawa za presha, waliopitiliza zahanati yenu na kwenda ya mbali. Atumwe mtu asiye na undugu na watumishi. Aamkie, akae, asikilize kwanza habari za shamba na watoto, na asiulize "kwa nini hukuja?" kama polisi. Aulize: "Siku ile uchungu ulipoanza, ilikuwaje?" Kisha anyamaze.

Hatua ya tisa: gaweni matatizo, mkadai kwa namba

Mkimaliza mtakuwa na orodha ndefu. Igaweni kwa swali moja: nani mwenye uwezo wa kuliondoa hili? Yaliyo ndani ya zahanati, kama ratiba, usafi na leja, mpeni mfawidhi tarehe. Ya kijiji, kama mlinzi, nyumba na kivuko cha mto, yapelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ya halmashauri, kama watumishi, jokofu na umeme wa jua, yaende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kwa barua kupitia ofisi ya mtendaji, na nakala kwa diwani.

Barua iwe na ombi moja. Linganisheni hizi mbili. "Tunaomba serikali itusaidie kwani hali ya zahanati ni mbaya." Na hii: "Katika robo iliyopita jokofu lilizimika siku 19, chanjo haikutolewa kliniki tatu, na watoto 22 hawakurudi. Tunaomba jokofu la umeme wa jua. Zahanati itachangia uzio na kufuli." Ya pili inaweza kunakiliwa moja kwa moja kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Mganga Mkuu anayetaka kuwatetea kwenye baraza la madiwani anahitaji sentensi ya namna hiyo mkononi.

Wakati nao ni muhimu. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini mpango wake hutungwa miezi mingi kabla. Barua ya Mei imechelewa. Pimeni Septemba na Oktoba ili Novemba muwe na la kusema.

Hatua ya kumi: pimeni tena, kwa karatasi ile ile

Serikali ilipozipima zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya kwa mfumo wa nyota mwaka 2015/16, takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja. Iliuma, lakini kila kituo kiliachiwa mpango wa maboresho, na upimaji wa 2017/18 ukakuta vyenye sifuri vimepungua sana. Fanyeni vivyo hivyo kwa kipimo chenu kidogo. Msibadilishe maswali kila robo, la sivyo hamtajua kama mmesogea.

Karatasi moja inatosha: waliojifungulia hapa, watoto waliopotea kati ya Penta ya kwanza na ya tatu, siku ambazo kila dawa kati ya zile kumi ilikosekana, usiku ambao hapakuwa na mtu wa zamu, na maombi yaliyojibiwa. Katibu aisome mwanzoni mwa kikao, kabla ya ajenda ya jengo, kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na mapato na matumizi. Wajumbe wakimaliza muda wao, karatasi zote zikabidhiwe kwa kamati mpya kwa maandishi, pamoja na nakala za barua ambazo bado hazijajibiwa.